Hewa Safi ya Teodosia

Naipingo tuna wasafi, halafu tuna Teodosia. Mjane huyu amelea watoto wake kwa korosho, na uwanja wake anaufagia mpaka kuku wanaogopa kuukanyaga. Watafiti walipompa kazi ya kukinga hewa kwenye chupa za kioo, kila Jumatatu nyuma ya kanisa, tulijua kazi imepata mwenyewe. Tukamwita Mama Hewa. Akavimba kichwa, na alistahili.

Mwezi wa tisa, mashamba yanachomwa kila upande, Amedeus, kijana wa maabara, akaja na sura ya msibani.

"Mama, chupa zako zinatuchanganya. Kwenye moshi kuna gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Tunapima oksijeni iliyomo: ya injini huwa nzito zaidi, ya majani yaliyoungua huwa nyepesi kidogo. Zako zote zinasema injini. Naipingo hii, utadhani Kariakoo! Wakubwa wanataka kazi ihamie Nandagala, kule Ruangwa."

Machozi yalimlenga Teodosia. "Nandagala! Na mimi nitaitwa Mama nani?"

Amedeus akamwonea huruma, akaomba amwone akichukua hewa. Teodosia akapanda pikipiki ya Isihaka, dereva wake wa siku zote, wakapita shamba kwa shamba. "Jamani, zimeni moto, nachukua hewa!" Nasi, kama kawaida, tukaumwagia mchanga. Moshi ulipotawanyika akaenda nyuma ya kanisa, akafungua chupa. Pikipiki ilinguruma pembeni yake, maana Isihaka akiizima, kuiwasha tena ni mpaka isukumwe.

Amedeus akashika kichwa. "Mama, moto mnauzima wa nini?"

"Ee! Hewa inakwenda kwa wageni. Wewe mwanangu, unapokea wageni na uwanja mchafu?"

Kijana alicheka mpaka akakaa chini. Mficha uchi hazai, akatuambia: wao wanautaka moshi wetu kama ulivyo, na pikipiki ikae mbali.

Jumatatu iliyofuata hakuna aliyezima moto. Teodosia alikwenda kwa miguu, akajaza chupa huku uso kaukunja kwa aibu. Majibu yalipotoka, Amedeus akapiga simu: safari hii oksijeni imesema majani, kazi inabaki Naipingo. Tulipiga vigelegele hadi barabarani.

Teodosia alifurahi, akamshukuru Mungu, kisha akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Ila waambie hao wakubwa, baba, ule moshi siyo wa kwangu. Ni wa majirani."