Kiti cha Bi Mdundo

Mke wangu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikuwa mfupi, mwenye viganja vipana, na nyumbani hakuwa na maneno mengi. Mimi pia si msemaji. Tukila, kila mmoja alimsikia mwenzake akitafuna, na hakuna aliyeona kasoro.

Kila mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, alikifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akakifunga ndani ya shuka, akaenda mji mkubwa kwa mdogo wake. Huko kulikuwa na chumba cha washonaji, na msimu ule kazi ilijaa mpaka mlangoni. Alikaa wiki chache, akarudi. Kila mwaka aliniambia twende wote. Mimi ni seremala, na kila mwaka nilikuwa na milango ya watu mkononi. Nikasema mwakani.

Nilimuuliza mjini kukoje. Akasema kuna kelele. Basi, tukaishia hapo.

Safari ya mwisho alirudi mikono mitupu. Cherehani ilikuwa imekorofisha, ameiacha kwa fundi. Kisha akaugua. Homa ikawa inampanda na kushuka, na asubuhi moja nikiwa nampangusa uso, akacheka. Sisemi alitabasamu. Alicheka kicheko kizima, cha kutikisa mabega, ambacho mara ya mwisho nilikiona tukiwa vijana. Akasema, "Babu Mafuta, acha kukata. Nimekuambia acha."

Hakuwa akinitazama mimi. Alimtazama mtu ambaye chumbani hakuwamo.

Nilimzika na jina hilo likiwa sikioni. Watu waliokuja kunipa pole walisema nimekonda kwa huzuni. Ilikuwa huzuni kweli. Na alikuwa pia huyo Babu Mafuta.

Baadaye shemeji yangu, yule mdogo wake wa mjini, akapiga simu. Cherehani ya dada imepona, fundi anataka nafasi mezani kwake, yeye ataipakia kwenye basi nisihangaike. Nikamuuliza fundi huyo anaitwa nani. Akasema jina lake la nyumbani hajui, wote wanamwita Babu Mafuta. Nikamwambia nitaifuata mwenyewe. 

"Wewe, shemeji? Mjini?" akasema. "Basi leo jogoo ametaga."

Sikuwahi kufika kule. Nilivaa koti alilonishonea marehemu, na jua lilikuwa kali. Nilitaka huyo mtu alione.

Sisomi, kwa hiyo mabango ya mjini hayakunifaa kitu. Nilitazama milango. Kuna milango ya vioo inayofunguka yenyewe ukiikaribia, kama iliyokuwa ikikuvizia. Kuna ya chuma ya kuviringisha. Nikaukuta mmoja wa mbao ngumu, mzuri, kazi ya mtu aliyetulia, na juu yake wamepaka rangi ya samawati. Nilisimama nikausikitikia. Mlinzi akaniuliza natafuta nini pale. Nikamwambia naangalia bawaba. Akanipima kuanzia koti mpaka viatu, akasema, mzee, bawaba ziko nyingi huko mbele. Lakini ndiye aliyenionyesha njia ya kwenda kwenye jengo la cherehani.

Nilitembea polepole. Kila kona niliwaza kwamba hapa yeye alipita. Alijua wapi pa kuvukia, wapi pana kivuli, bomba gani lina maji. Mji mzima alikuwa nao kichwani, na mimi hakunigawia hata kichochoro.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, kirefu, chenye madirisha upande mmoja. Cherehani zimepangwa safu, vitambaa vya bluu na vya kijani vimerundikwa hadi usawa wa kifua. Kelele. Hapo alisema kweli. Karibu na mlango alisimama mwanamke mmoja mnene akipiga pasi. Nikamsalimu, nikamwambia mimi ni mume wa marehemu fulani, nikalitaja jina lake.

Akawageukia wenzake. Hakuna aliyelijua.

Jina nililomwita miaka yote ile, mle ndani lilikuwa jina la mgeni. Nikaeleza: mfupi, mshonaji wa sare, hulala kwa mdogo wake. Mpiga pasi akaisimamisha pasi.

"Bi Mdundo?" akasema. Kisha akanitazama vizuri. "Jamani, ndiye huyu Bwana Mwakani."

Wakacheka, halafu wakakumbuka, wakaona haya. Miguu ikaacha kukanyaga, mashine moja baada ya nyingine, mpaka chumba kikatulia. Wakanipa pole. Wakanipa na pa kukaa. Kisha, kwa kuwa kimya kile hakikuwa cha chumba kile, wakaanza kunisimulia.

Walisema alikuwa mwigaji. Aliwaiga wateja wanaovuta matumbo ndani wakipimwa kiuno. Alimwiga mwenye jengo akipanda ngazi. Aliniiga hata mimi, jinsi ninavyogonga ubao kwa kidole na kuutegea sikio kabla sijaununua. Mpiga pasi akaniiga kama marehemu alivyoniiga, amekunja uso, sikio kwenye meza ya pasi. Alinipatia hasa. Nilicheka nao, ningefanya nini. Lakini moyoni nilikuwa ninawatazama mmoja mmoja: huyu alipewa hiki, yule kile. Mimi nilipewa mwanamke mkimya, nikadhani ndiye yeye.

Mtu mmoja hakuwa akicheka. Alikaa mwisho kabisa, dirishani, mzee mwembamba, vidole vyeusi kwa mafuta ya mashine, miwani imefungwa kwa uzi. Nikaenda. Cherehani ya mke wangu ilikuwa mezani kwake, imepanguswa mpaka inang'aa. Nikaona alivyoipangusa. Hata mimi milango yangu siipangusi hivyo.

Kando ya meza, mbele ya meza ya cherehani isiyo na kichwa, palikuwa na kiti. Kilikuwa cha mbao, cha kawaida, ila miguu yake yote ilikuwa imekatwa, kikawa kifupi kuliko viti vyote mle. Nikajua hapo hapo ni cha nani. Nyumbani alikalia kigoda nilichomtengenezea mimi, cha kimo chake, hakitikisiki hata ukikiweka juu ya kokoto. Nilidhani kimo chake nakijua mimi peke yangu.

Nikakibonyeza kwa kidole. Kikayumba, kikagonga sakafu. Sikusikia sauti, nilisikia kazi mbovu tu.

"Nani alikata kiti hiki?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Ulimpima?"

"Kumpima nani?"

Akanitazama juu ya miwani, na nadhani akaelewa nilichokuwa nikiuliza, maana aliliangalia lile koti langu kwa muda. Kisha akanieleza polepole. Kiti kilikuwa kikiyumba tangu zamani. Yeye si seremala. Alikata mguu mmoja apate usawa, kikalalia upande wa pili. Akakata wa pili, kikalalia nyuma. Akaendelea kuizunguka ile minne, huku wanawake wakimshangilia kama mpira, na kiti kikizidi kushuka.

"Yeye ndiye aliyeninyang'anya msumeno," akasema. "Akaniambia, acha kukata, nimekuambia acha, utanikalisha sakafuni. Akakikalia. Kikamfaa. Akacheka mpaka akalia."

Nikashika ukingo wa meza.

Kiti kiliendelea kuyumba. Alipokanyaga cherehani kiligonga sakafu, kok, kok, sambamba na mguu wake, na hapo ndipo lilipotoka jina la Bi Mdundo. Babu Mafuta alitaka kuita seremala wa mtaani. Mke wangu akakataa. Akasema anaye wake, mwakani anakuja.

Mtu mwingine angetosheka hapo, akabeba cherehani yake akaenda. Nilichokuja kukiuliza nilikuwa nimejibiwa. Lakini nilimwona jinsi alivyokuwa amekiwekea kile kiti mkono, kama mtu anayemshika mtoto wake sokoni. Nikasema nitachukua na kiti.

"Cherehani ni yako, mzee mwenzangu," akasema. "Kiti ni cha hapa."

Nami nikakiwekea mkono. Tukasimama hivyo, wazee wawili, kiti kifupi katikati. Mpiga pasi akawaambia wenzake watuache, tukimaliza kiti tutahamia kwenye pini. Hatukucheka.

Nikasema basi nitakirekebisha. Kwa kuwa alisema nitakuja, nimekuja.  Akaondoa mkono.

Nikakipandisha juu ya meza ya kukatia vitambaa, iliyonyooka kuliko sakafu. Kiti kama kile hukikati tena, unakiongeza. Nikaomba kipande cha ubao wa sanduku, msumeno wake wa kukatia vyuma, gundi na vimisumari. Nikachonga kiatu chembamba cha mguu uliopungua, nikakigandisha, nikakisugua kwa msasa mpaka usiweze kuona kilipoanzia. Nikakishusha. Nikakibonyeza pembe zote. Kikatulia tuli.

Babu Mafuta akakikalia. Akaweka mguu kwenye kanyagio la ile meza isiyo na kichwa, akakanyaga. Gurudumu likazunguka. Akasubiri. Akakanyaga tena, kwa nguvu zaidi.

"Umekinyamazisha," akasema.

Hakukasirika. Alisema kwamba tangu wapate habari za msiba, jioni kabla ya kufunga alikuwa akikaa pale na kukanyaga kidogo. Alikuwa akimsikia.

Nilifurahi. Siwezi kusema vinginevyo. Nilifunga kichwa cha cherehani kwenye shuka, nikamshukuru kwa kazi yake, nikawaaga wote, na ngazi zile nilizishuka kama kijana.

Usiku nililala kwa shemeji. Akaniuliza nimeuonaje mji. Nikamwambia kuna kelele. Akasema mlifanana mno, nyie wawili, na akageuka upande wa ukuta kufuta macho.

Ndani ya basi nilipakata cherehani. Ilikuwa nzito, na kadiri ilivyonikandamiza mapaja ndivyo furaha ilivyonitoka. Yule mzee alikuwa na kitu, sasa hana. Mimi sikuwa nacho, na bado sina. Kiti nilikibonyeza kwa kidole changu mwenyewe, kikalia mbele yangu, nami nikasikia kazi mbovu.

Nyumbani nilirudisha kichwa kwenye meza yake, nikavuta mkanda juu ya gurudumu. Nikakiweka kigoda chake mahali pake. Nikakaa, nikakanyaga. Kimya. Kigoda hiki nilikitengeneza vizuri sana.

Nikaleta patasi. Katika maisha yangu hakuna kitu kilichotoka mkononi mwangu kikiyumba, si meza, si kitanda, si hata sanduku la kutunzia kuku. Nikakipindua kigoda, nikaumega mguu mmoja, kidogo tu, unene wa kucha. Nikakaa tena.

Kok.

Nikakanyaga. Kok, kok.

Kinalia. Kama ndivyo kile cha mjini kilivyokuwa kikilia, mimi sijui. Labda kile kilikuwa kizito zaidi, labda sakafu yao ni tofauti. Anayejua ni yule mzee, na yeye sitamuuliza.