Mizimu ya Shuka pale Awindiri

Jumamosi mchana, katika kibanda cha video pale Awindiri, tuliona sinema ya kutisha: mwanamke anapelekwa kuwajua watoto wa mchumba wake, kumbe ni mizimu. Mizimu yenyewe ilijitanda shuka, na damu ilikuwa maji ya nyanya. Tulipiga miayo.

Mbele yangu mwanamke alimcheka mchumba wake. "Hii ndiyo ulisema itanitisha?"

Mwanamume akakuna shingo. "Kesho tunaenda kwetu Midia. Watoto yangu iko saba."

"Ulisema mbili!"

"Na shangazi yao iko anangoja. Wewe unasonga enyasa, ile ugali ya muhogo, yeye anaonja kwanza."

Yowe la mwanamke lilishinda kelele za jenereta ya kibanda.

Watengeneza sinema, acheni shuka. Tuonyesheni shangazi kando ya sufuria, kimya, akitafuna.