Niliweka OS ya beta kwenye laptop ya marehemu kaka yangu, nikaifungia sauti yake ndani

Wakuu, heshima kwenu.

Humu huwa nasoma na kupita, si mtu wa kuandika. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita, na kila nikiona mtu anauliza "beta mpya imetoka, naweza kuiweka pembeni ya Windows?" linanirudia upya.

Nitaeleza kama lilivyokuwa. Nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Nakaa Mtwara mjini, Shangani. Nina stationery njia ya Naliendele: photocopy, kuprinti, picha za passport, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kwa kuwa nashinda na kompyuta, mtaani wananiita mtaalamu. Na mimi nilishaanza kuliamini hilo jina.

Nilikuwa na kaka yangu, Twaha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Kitaya, kule kwenye mto Ruvuma, na jioni alikuwa anasomesha watoto Kurani. Hakuwahi kuoa, aliishi na mama. Mwaka jana aliugua siku chache tu, akatangulia mbele ya haki. Mungu amrehemu.

Baada ya arobaini tukagawana vitu vyake. Dada yetu Somoe alipewa simu. Mimi nikapewa laptop.

Mama aliomba laini ya simu tu. Akaichomeka kwenye kitochi, kile kisimu chake cha zamani cha vitufe.

Mimi na Somoe tulimwambia, tena si mara moja, kwamba laini ya marehemu haina kazi, anajitesa bure. Hakuitoa. Hilo mlikumbuke, nitalirudia.

Kwenye ile laptop kulikuwa na kitu kimoja kikubwa: sauti ya Twaha. Alikuwa na tabia ya kujirekodi akisoma Kurani baada ya swala ya alfajiri, halafu anajisikiliza ajue wapi amekosea kabla ya kwenda kusomesha. Rekodi zilikuwa nyingi, na hazikuwa mahali pengine popote. Kwenye simu hazikuwepo.

Mama aliponikabidhi laptop aliniambia, "Usifute kitu."

Hitima ya mwaka ilipokaribia akanipigia. Aliomba nimwekee zile sauti kwenye memory card ili azicheze kwenye kiredio chake. Alitaka siku ya hitima watu wamsikie Twaha mwenyewe.

Nikamwambia inshallah, kesho. Kesho ikazaa kesho. Wakuu, ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Sasa ujinga wenyewe.

Kulikuwa na distro moja ya Linux, yaani mfumo kama Windows ila wa bure, imetoa toleo jipya la beta, la majaribio. Jina silitaji, kwa sababu kosa halikuwa lao. Waliandika wazi kwamba ni beta, usiiweke kwenye mashine unayoitegemea.

Mashine yangu ya stationery niliiogopea, ina kazi za watu. Nikaona laptop ya Twaha ina nafasi kubwa, nusu ya disk iko tupu. Nikasema naweka dual-boot, Windows yake inabaki upande huu, beta inakaa upande ule, hakuna atakayemgusa mwenzake.

Yaani niliogopa kuharibu photocopy za watu, sikuogopa kuharibu vitu vya kaka yangu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nikaingia Windows kwa PIN yake, tulikuwa tunaijua. Nikapunguza partition ya Windows kupata nafasi. Maelekezo niliyokuwa nafuata yalikuwa na mstari mmoja: kabla ya yote, angalia kama disk imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows, na kama imefungwa hifadhi recovery key. Nikauruka. Nilidhani hayo ni mambo ya laptop za maofisini.

Nikazima Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwaka, nikaweka beta, ikawaka vizuri. Siku mbili nikawa naifurahia, wala sikuingia Windows hata mara moja.

Siku ya tatu ikaleta update. Nikaruhusu. Ilipojiwasha upya ikaleta skrini nyeusi na maneno mawili: grub rescue.

Hapo bado sikuogopa. Nikatengeneza flash ya live, nikawasha mashine nayo, nikarekebisha bootloader, ile sehemu inayowasha mfumo, kama saa moja hivi. Menu ya kuchagua mfumo ikarudi. Nikachagua Windows nikijua nimemaliza.

Ikaja skrini ya bluu. Weka recovery key. Tarakimu arobaini na nane.

Nikaweka ile PIN, wapi. PIN ni ya kuingilia chumbani, hii ilikuwa inadai ufunguo wa nyumba.

Nikaingia BIOS, nikarudisha Secure Boot, bado. Badala ya kutulia nikafungua video ya jamaa mmoja mtandaoni, akasema tatizo kama hilo dawa yake ni Clear TPM. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza Yes.

Baadaye nikaja kuelewa nilichofanya. Ile TPM ndiyo ilikuwa imeshika ufunguo unaofungua disk yenyewe kila siku bila kuuliza. Ningerudisha mpangilio wote ulivyokuwa, pamoja na kuiweka Windows iwe ya kwanza kuwaka, huenda ingefunguka. Baada ya ile Yes, njia hiyo nikaiziba kwa mkono wangu.

Zilikuwa zimebaki siku sita hitima ifike.

Nikaipeleka kwa fundi mjini, rafiki yangu Shaibu. Akaiangalia, akakuna kichwa. "Ndugu yangu, hapa piga format uanze upya. Vya ndani vimeshakwenda hivyo."

Nikamwambia subiri kwanza. Nikaenda kukaa nje ya duka lake, kichwa kizito.

Nitasema kitu cha aibu. Pale nje niliwaza kutafuta msomaji mwingine mtandaoni, mwenye sauti inayokaribiana na ya Twaha, nimwekee mama kwenye memory card. Niliwaza kwamba kwenye kiredio sauti zote hukwaruza, hatajua. Kisha nikawaza mama amekaa mkekani analia kwa sauti ya mtu asiyemjua. Nikaona haya peke yangu. Nikaingia ndani nikaichukua laptop, nikaondoka.

Jioni hiyo ndiyo nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo, nikasoma taratibu. Nikajua kwamba Windows ukiiwasha kwa akaunti ya mtandaoni, mara nyingi ile recovery key huwa imehifadhiwa ndani ya akaunti. Barua pepe ya Twaha nilikuwa naijua. Password, hapana.

Nikabonyeza nimesahau password. Ikasema itatuma code kwenye simu, namba inayoishia na 47.

Ilikuwa laini ya Twaha. Ile ile tuliyokuwa tunamwambia mama aiache.

Ningeweza kumpigia nimwambie, mama, itakuja meseji, nisomee namba. Lakini ingebidi nimwambie ni ya nini, na hilo nilihisi si la kusema kwa simu. Asubuhi nikafunga duka, nikaiweka laptop kwenye begi, nikapanda basi la kwenda kwetu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Nikamsalimia, nikakaa chini, nikamweleza yote, hata lile la kutafuta msomaji mwingine. Mama yangu si mtu wa kelele. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Sauti ipo ama haipo?"

"Ipo mama. Ipo ndani, imefungwa."

"Ufunguo anao nani?"

"Twaha mwenyewe. Ila wanaweza kuutuma kwenye namba yake."

Akaweka kisu chini. Akanitazama kidogo, halafu akatazama kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Kitochi kilikuwa kimening'inia pale kwenye msumari, ndani ya kifuko alichokishona kwa kipande cha kanga.

Nikaenda nikakichukua, nikarudi nacho kwenye mkeka. Nikaomba code kwa simu yangu. Tukasubiri. Haikuja.

Nikaomba tena. Haikuja.

Mara ya tatu ikaja meseji. Kufungua, ni mtandao wa upande wa pili unanikaribisha Msumbiji.

Mliokaa mpakani mnajua. Kwetu simu ukihama nayo hatua chache inavuka mto peke yake. Yangu nilishaifungia mtandao wa nyumbani kwenye settings. Kitochi sikukikumbuka, na mtaalamu mzima nilikuwa nimekaa nacho mkononi. Akaunti nayo ikaniandikia kwamba nimeomba mara nyingi mno, nijaribu tena kesho.

"Irudishe msumarini," mama akasema. "Nnaijua mie. Inashika pale tu."

Nikamuuliza aliijuaje.

Ndipo akanieleza. Alizunguka na ile simu nyumba nzima siku nyingi, mpaka akapata mahali inaposhika, akapigilia msumari. Kila laini inapokaribia kufungiwa kwa kukosa salio huenda dukani kuiwekea vocha. Nikamuuliza, yote hiyo kwa nini, mama?

"Watu wanampigia, Hamisi. Wengine hawajapata habari. Wazazi wa wanafunzi wake, waliosoma naye. Wakipiga wakakuta haipatikani, watasema mwalimu ana maringo siku hizi. Sasa mie nnapokea. Nnawaambia, mimi mama yake, Twaha hatunaye, muombeeni. Nao wanamuombea, nnawasikia."

Mwaka mzima tulidhani anakaa na ile simu kwa sababu hataki kukubali. Kumbe yeye ndiye alikuwa anautangaza msiba wa mwanawe, mtu mmoja mmoja, na sisi tukimwambia anajitesa.

Nikalala Kitaya. Kesho yake, baada ya chai, nikaomba code kitochi kikiwa msumarini. Sikukigusa. Mama alisimama pembeni yake kama mtu anayengoja hodi.

Kikalia.

Akakisoma pale pale, tarakimu moja moja, kidole kikifuata. Nikabadilisha password, nikaingia. Recovery key ilikuwepo, na Key ID yake ikalingana na ile iliyoandikwa kwenye skrini ya laptop. Nikaandika zile tarakimu arobaini na nane kwenye karatasi, nikaziingiza. Nikakosea mara moja, nikarudia.

Windows ikafunguka, nikaingia kwa ile password mpya. Picha ya Twaha na wanafunzi wake ikajaa kwenye skrini. Nililia, sioni aibu kusema.

Kabla ya chochote nikakopi kila kitu kwenye flash mbili. Kisha nikafungua rekodi. Twaha alikuwa amezipanga kwenye mafolda mawili, moja ameliandika Safi, jingine Mbovu. Nikaanza kuhamisha Safi kwenye memory card, nikamchezea mama moja kwenye kiredio.

Alisikiliza ameshika tama. Machozi yalishuka, hakuyafuta. Ilipoisha akasema, "Mashallah. Na ile aliyoniitikia ipo?"

Sikumwelewa.

"Siku moja nnamwita, sikujua kama anarekodi. Akaja akicheka, akasema, mama, umeniharibia."

Lile folda la Mbovu nilikuwa nimepanga kuliacha, nikiona linajaza nafasi bure. Nikalifungua. Tukasikiliza moja baada ya nyingine: hapa amekohoa, hapa jogoo amewika, hapa amesahau aya akaanza upya. Karibu na mwisho tukaipata. Yuko katikati ya Yasini, sauti imetulia, mara kwa mbali anasikika mama:

"Twaha, uji unapoa."

Kisomo kikakatika.

"Naam mama. Nakuja."

Halafu rekodi ikaisha.

Mama akanishika mkono. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Akasema tena rudisha. Sijui tuliisikiliza mara ngapi, mpaka mihogo ikaungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

Siku ya hitima watu walisikilizishwa zile za Safi, na waliokuwepo walilia. Lakini Somoe, ambaye alibaki na mama wiki nzima baada ya hapo, ananiambia kwamba mama asubuhi akikoroga uji anaweka ile moja tu.

Sasa wakuu, nilichojifunza.

Beta weka kwenye mashine ambayo hata ikifa hutalia. Kabla ya kugusa partition ya mtu angalia BitLocker, na recovery key iandike kwenye karatasi, uiweke na vyeti. Ukiona Clear TPM na huna key, ondoa mkono. Backup fanya leo, hasa ile ya dakika kumi. Na fundi akikwambia format, mwulize kwanza ufunguo unaweza kuwa kwa nani.

Na nyingine haihusu kompyuta. Mtu aliyefiwa akishikilia kitu usichokielewa, mwulize kabla hujamwambia akiache. Mimi sikumwuliza mama kwa mwaka mzima, na laini angekuwa ameiacha kwa kutusikiliza sisi, sauti ya Twaha ingekuwa imekwenda.

Laini bado ipo msumarini. Siku hizi vocha yake namtumia mimi, naye ananipa taarifa. Juzi kaniambia kapiga mzazi mmoja kutoka Newala, alikuwa anamtafuta mwalimu amshukuru, mwanawe kafaulu.

Kwenye makosa ya kiufundi nirekebisheni, sitachukia. Wenye ujuzi zaidi wa TPM karibuni, najua nimeeleza kwa lugha ya stationery.

Ila ninalotaka kuwauliza hasa ni hili: ninyi laini za marehemu wenu mmezifanyaje? Na zikilia, nani anapokea?