Muhuri wa VAT

Juzi nilikuwa Edmonton, huku ughaibuni, kwenye duka la intaneti la Mkenya mmoja. Kwenye kompyuta ya pembeni yangu alikaa mama wa Kiunguja anayeuza kanga na mabuibui. Ilikuwa siku ya mwisho ya kulipa kodi ya VAT, na ukichelewa ni faini. Mwenye duka alimjazia fomu, akamlipia kwa kadi ya mama mwenyewe, akabonyeza.

“Tayari, mama. Imeenda.”

“Kaipokea nani?”

“Kompyuta yao.”

Akamchapishia ukurasa. Mama akaugeuza mbele na nyuma, akauinua kwenye taa.

“Muhuri u wapi?”

“Siku hizi hakuna stampu, mama. Hiyo namba ndiyo risiti.”

“Namba hata mie naweza kuandika.” Akavuta kiti, akakaa tena. “Mwanangu, kwetu nilizuiwa kusafiri mwaka mzima kwa karatasi moja isiyo na muhuri. Hapa sitoki.”

Foleni ilishafika mlangoni. Mwenye duka akafungua droo, akatoa muhuri wa duka lake, akaugonga katikati ya ukurasa: Faksi, Kopi, Simu za Nje.

Mama akapuliza wino ukauke, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mkobani.

“Ahsante, mwanangu. Sasa nimelipa.”

Nilimcheka kimoyomoyo, mimi msomi. Kisha nikalipa VAT ya kiduka changu, nikachapisha, nikaitazama ile karatasi ilivyo nyeupe.

Nikarudi kwenye foleni.