Tangazo la Riyali Kumi

Juzi huko Al-Sulay, Riyadh, niliingia duka la pembejeo kutafuta mpira wa kumwagilia maji. Mlangoni walikuwa wamepanga ndoo zilizopandwa sukuma wiki, majani mapana kama masikio ya ndovu, ili mpita njia aone mbolea yao ilivyo kali.

Muuzaji, kijana wa Mombasa, akiwa amekumbatia gunia la mbolea, alimlaki dada mmoja Mkenya, mfanyakazi wa ndani.

"Mbolea hii, dadangu, hata mchanga wa jangwani unaota!"

Dada hakulitazama gunia. "Hiyo sukuma ni bei gani?"

"Si ya kuuza. Hilo ni tangazo."

"Basi nikatie tangazo la riyali kumi. Na ukate nyembamba."

Kijana alichungulia barabarani, kisha akatoa kisu na ubao chini ya kaunta. Ubao ulikuwa umeshageuka kijani, nikajua hakuanza leo.

Mwenye duka anatangaza anachotaka kuuza. Mteja anaona alichokosa tangu aondoke kwao.

Mara bosi akaingia, akakuta mashina yako uchi. "Nani kala?"

"Wadudu, bosi," kijana alijibu, kisu kikiwa nyuma ya mgongo.

Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Bosi alichukua chupa ya dawa ya wadudu rafuni, akamgeukia dada, ambaye mfuko wake wa sukuma ulishazama ndani ya abaya, lile vazi lake refu jeusi. "Na kwenu kuna wadudu kama hawa?"

"Wako wengi, bosi," dada alisema bila kupepesa macho. "Ijumaa, siku ya mapumziko, wanakuja wote."

Mpira nilisahau kununua. Itabidi nirudi Ijumaa, na wadudu wenzangu.