Gauni Langu Lilinuka Kafuri

Shangazi yangu bado yupo hai, na kila tukikaa kuchambua mchele wa harusi ya mtu hukohoa kidogo, akaanza. "Siku hizi mnachezea tu hela. Huyu hapa mie nilimwoza miaka ile ya foleni, duka halina hata kiberiti, na akatoka na gauni jeupe." Wanawake humpigia vigelegele. Mie huinama, nikatafuta mawe kwenye mchele usio na mawe.

Basi leo naandika. Shule yangu iliishia darasa la nne, mtanivumilia. Majina siyataji, lakini wahusika wa kosa ni wanne, na wa kwanza ni yeye.

Tulikaa Temeke, vyumba viwili katika nyumba ya kupanga. Mama alishafariki, baba alikuwa kuli bandarini. Aliyenilea ni bibi, mama yao baba na shangazi. Bibi alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda, na ndani ya sanduku ilikuwamo sanda yake. Wazee wengi wa pwani walikuwa wanajiwekea. Ilikuwa bafta nyeupe, kaka yake alimletea kutoka Hija, imechovywa maji ya zamzam, imekunjwa pamoja na kafuri ya kutilia maiti ndani ya karatasi ya kaki. Kila mwaka, siku chache kabla ya vunja jungu, Ramadhani ikikaribia, aliitoa akaianika uani, akakaa kando yake juu ya kigoda na kijiti cha kufukuzia kuku. Sie watoto tulikatazwa hata kupita chini ya kamba ile. "Nguo yangu ya safari," alisema, kwa sauti ile ile ambayo wengine husemea nguo ya Idi.

Nilipoposwa, baba hakuwa na kitu. Shangazi akaja kutoka Magomeni kusimamia. Haki yake nampa, kupanga alijua. Mchele tuliukusanya kibaba kibaba, kila nyumba ikamega kwenye mgawo wake. Sukari aliipigania kwa mjumbe wa nyumba kumi mpaka akaandikiwa kikaratasi cha dukani. Mbuzi hakupatikana, akasema pilau itakuwa ya samaki, atakayenuna na anune. Kilichotushinda ni nguo.

"Nguo nyeupe haitoki," mjumbe alituambia barazani kwake. "Iliyopo ni ya misiba. Mna maiti?"

"Maiti hatuna. Tuna bi harusi."

"Basi mngojee mpate maiti," akasema, akacheka mpaka akajifuta machozi. Nyuma yake dirishani mapazia mapya ya bafta yalikuwa yanapepea. Huyo wa pili. Neno lake lile ndilo lililomwingia shangazi, maana njia nzima ya kurudi alikuwa analirudia chini chini.

Dada zake bwana harusi nao walishaanza. Mmoja alinikuta bombani akaniuliza mbele ya watu, "Wifi, utatoka na kanga ya jikoni au ya kulalia?" Nililia siku mbili. Nililitaka gauni. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sikujua kitu kingine cha kutaka.

Wiki ile bibi alikwenda Kisiju kwenye arobaini ya ndugu yake. Ufunguo wa sanduku, aliokuwa anaufunga kwenye pindo la kanga, aliniachia mie. Hakumwachia mwanawe wa kiume. Hakumwachia bintiye.

"Tunaazima tu," shangazi akasema. "Mama yangu huyu? Bado anatwanga, atatuzika sote. Kabla ya mfungo nitakuwa nimepata nyingine, nairudisha, wala hajui."

"Na akifungua?"

"We gauni unalitaka au hulitaki?"

Nikatoa ufunguo. Ndani ya karatasi ya kaki tukaweka shuka kuukuu, tukalikunja kwa mikunjo ile ile.

Fundi cherehani alipoifungua ile nguo aliinusa, akaitua mezani.

"Mama, hii ya nani?"

"Ya mwenye harusi. Kata."

"Mbona ina kafuri?"

"Kulikuwa na mende. Kata, bwana."

Alijua. Mkasi ulisita hewani, halafu akasema bismillahi, akakata. Naye nimemwandika, wa tatu.

Gauni lilitoka zuri, mikono mifupi kidogo. Tulilifukiza udi siku tatu, tukalilaza na asumini. Lakini siku ya kutolewa nje, jasho liliponitoka, kafuri ikapanda. Ngoma inalia, watu wananitazama, na mie najinusa kama mtu aliyekwisha kuoshwa. Mawifi walinyamaza kimya. Kimya kile ndicho nilichokuwa nakililia, na nilipokipata sikukionja utamu.

Bibi alikuwa amerudi asubuhi ile. Akaja kunipa mkono.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akaishika ncha ya mkono wa gauni kwa vidole viwili, akaisugua taratibu, kama alivyokuwa anausugua unga kujua kama umelainika. "Limekukaa," akasema. Akanidai ufunguo wake, akaufunga kwenye pindo, akaenda kusaidia kupakua.

Vunja jungu ya mwaka ule ilipofika hakuanika kitu. Nilikuja kutoka Kinondoni kwa mume wangu, nikamkuta uani, amekaa juu ya kigoda kando ya kamba tupu, kijiti mkononi. Kuku walipita chini ya kamba, hakuwafukuza.

Shangazi hakurudisha chochote. Wiki mbili baada ya harusi alilichukua gauni akasema analifua, kumbe amemwazima bi harusi wa Mtoni, yule akampa wa Keko, na mara ya mwisho nilisikia liko Mabibo. Kila nilipomkumbusha alinijibu kwamba nguo hazipo madukani. Na kweli hazikuwapo. Bintiye alipoolewa zikaonekana.

Mwaka wa pili nilikwenda kumwona bibi, tumbo langu limeshakuwa kubwa. Alikuwa mkekani anashona kitu cheupe, amekileta karibu na uso.

"Unamshonea kitukuu chako, bibi?" nilimtania.

"Njoo unitungie sindano. Macho yameingia ukungu."

Nikamtungia. Nilipotaka kuondoka aliniomba nimtungie nyingine tatu, azichomeke mkekani, zimtoshe mpaka nitakaporudi. Nilitunga huku namsimulia habari za mawifi zangu, tukacheka.

Alifariki baada ya Idi. Waosha wakaja, na mkubwa wao akasema mbele ya baba, ambaye hakujua lolote, "Sanda anayo, mtaa mzima tunajua. Ileteni." Shangazi alinitazama. Nilifungua pindo la kanga ya marehemu, nikautoa ufunguo. Nilipiga magoti mbele ya sanduku nikijua kwamba sasa linatoka shuka, na bibi yangu ataaibika mbele ya watu akiwa maiti.

Karatasi ya kaki ilikuwa nene kuliko tulivyoiacha. Ndani yake kilitoka kitu cheupe. Ilikuwa mifuko ya unga wa ngano, ile ya kitambaa, aliyokuwa anaiomba kwa jirani mpika maandazi. Alikuwa ameifumua, ameifua mpaka imelainika, ameiunga kwa mkono, mshono mdogo mdogo. Ubavuni herufi nyekundu za kiwandani zilibaki kama kivuli. Chini kabisa lilikuwapo lile shuka letu, amelifua, amelikunja.

Mwosha aliupitisha mkono juu ya mshono. "Kazi hii kafanya nani?"

"Mie," akasema shangazi.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Baba alikuwa pale, wanawake walikuwa pale, na mie nikatazama chini. Wa nne ndiye mie.

Mwosha alipoikunjua sanda aliona sindano imechomekwa pindoni na uzi wake, mahali bibi alipoishia. Akaichomoa ili isimchome maiti, akanikabidhi mie niliyekuwa karibu. Ninayo mpaka leo. Uzi sijautoa.