Kichwa Kilichodhaniwa Adabu

Kwetu mkamwana akimsalimia mama mkwe hupiga magoti na kuinamisha kichwa. Kwa hiyo kichwa cha mke wangu kilipoanza kubaki chini hata baada ya salamu, mama yangu alifurahi. "Huyu amelelewa," aliwaambia majirani wa Mjimwema. Nami nilifurahi.

Asubuhi shingo yake ilikuwa imara. Kufikia mchana kidevu kilishuka hadi kifuani, naye alikiinua kwa kiganja ili aone anachopika. Nilidhani ni ndoo za maji. Nikamkataza kuzibeba, nikamkanda kwa maji ya chumvi. Haikusaidia. Kisha jioni moja tonge la ugali lilimkwama, na maji aliyokunywa kulisukuma yakatokea puani. Alipopata pumzi, mama hakutaja tena adabu.

Miaka hiyo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufunguliwa Majengo, na kila muuzaji alikuwa na jibu: vitamini, dawa ya malaria, dawa ya kuchua. Nilinunua zote. Hospitalini daktari alimlaza chali, akamwambia ainue kichwa. Hakikubanduka kitandani.

"Inua, mwanangu," mama alisema. "Huyu daktari si mkweo."

Mke wangu alicheka kwa koo tu, kope zimefumba nusu.

Daktari alieleza, nikamwomba arudie. Huenda neva zilitoa amri na misuli haikuipokea sawasawa. Ilikuwapo sindano ya kujaribu. Kama ndiyo ugonjwa huo, nguvu zingerudi kwa muda, na vidonge vingefuata. Kama siyo, hakuwa na kingine cha kutupa pale Songea.

"Na hatari yake?" niliuliza.

"Tumbo litamsokota, mate yatamjaa, moyo unaweza kupiga polepole mno. Ndiyo maana sitoki hapa."

Akamchoma. Mama alishika rozari bila kuisogeza. Tumbo lilianza, mke wangu akakunja miguu, mate yakamtoka. Nilitaka kusema basi. Daktari aliinua mkono kuninyamazisha, vidole vya mkono wa pili vikiwa kwenye mshipa wa mgonjwa.

Kisha kope zikafunguka. Kichwa kikabanduka, kikatetemeka, kikabaki juu. Daktari alilisukuma paji kwa kidole, kichwa hakikushuka.

Mke wangu alimtazama mama usoni, wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe. Nilingoja karipio la mama, maana namjua.

"Kumbe una macho makubwa hivi," alisema.

"Ninayo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Usiiname."

Daktari akaagiza uji kabla nguvu hazijaisha. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwa kuwa kilichotunyima usingizi hakikuwa shingo bali koo. Alinywa funda moja, akameza. Tukatazama pua yake. Akanywa jingine, akalalamika kwamba sukari haitoshi.

Kufikia jioni kidevu kilikuwa kifuani tena, kama daktari alivyotuonya. Muuguzi alileta kidonge cha kwanza, na mama akamwinulia kichwa ili akimeze.